Mawe ya Misa na Njia za Siri
Somo: Yoshua 4:1–9

Yoshua aliamuru mawe kumi na mawili yasimamishwe Gilgali, ili watoto wakiuliza habari zake, wazee wapate kuwajibu. Ndugu wapenzi, leo na tutazame mawe mengine, ya nchi iliyo mbali.

Katika kisiwa cha Ayalandi watu wengi walikuwa Wakatoliki, lakini watawala walikuwa Waprotestanti. Sheria ya mwaka 1697 iliwafukuza maaskofu wao na mapadre watawa. Mwaka 1704 mapadre waliosalia walitakiwa kuandikishwa, mmoja kwa kila parokia. Na mwaka 1709 wakaamriwa kula kiapo, ambacho wengi walikikataa kwa ajili ya dhamiri. Basi mahali pengi Misa ikasomwa mafichoni, jiwe bapa likiwa altare, na mlinzi akikesha kilimani. Watu walifika kwa vijia vya miguu, wakipita mashambani na kuvuka vijito. Jiwe la namna hii huitwa kwa lugha yao Carraig an Aifrinn, maana yake Mwamba wa Misa.

Hata baada ya makanisa kujengwa, watu waliendelea kuvipita vijia vile. Vingine vyajulikana hata leo, kwa sababu baba alimwonyesha mwanawe. Lakini kumbukumbu huweza kuchanganyika. Miamba mingine yajulikana kwa masimulizi tu, pasipo andiko. Kwa hiyo mwenye kukusanya habari hizi yampasa kuandika ni nani aliyesema, naye alisikia kwa nani.

Tusijivune sisi Walutheri. Watawala wale hawakuwa Walutheri, lakini walikuwa watoto wa Matengenezo kama sisi. Na wazee wetu wa imani waliteswa vilevile: mwaka 1731 Askofu Mkuu wa Salzburg, Mkatoliki, aliamuru Walutheri waiache nchi yake, wakatoka watu wapata 20,000. Katika milima ya Austria wengine walificha Biblia zao na kusali kwa siri, hata Kaisari Joseph II alipowapa ruhusa mwaka 1781. Basi kila aliyepata nguvu alijaribiwa kumlazimisha mwenzake.

Maswali ya kujifunza:
1. Kwa nini Yoshua alitaka watoto waulize?
2. Je, tunamtendeaje jirani asiyesali pamoja nasi?
3. Wakristo wa kwanza wa usharika wako walikusanyika chini ya mti gani, nao walipita njia ipi? Mwendee mzee angali hai, umwulize, ukaandike.