Baiskeli Katika Barabara za Udongo Msituni: Namna ya Kufika Salama

Kwa wakazi wengi wa vijiji vinavyopakana na Msitu wa Kakamega, kuanzia Shinyalu na Isecheno hadi upande wa Buyangu, baiskeli ni chombo cha kazi. Ndiyo inayobeba ndizi hadi sokoni, mahindi hadi kwenye mashine ya kusaga na mtoto hadi shuleni. Eneo letu la magharibi lina historia ndefu ya baiskeli. Jina lenyewe la boda boda lilianzia mpakani Busia miaka ya 1960, pale vijana walipobeba abiria kwa baiskeli kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine.

Barabara kadhaa za kaunti zimetiwa lami, lakini njia nyingi zinazoingia msituni bado ni za udongo na murramu. Somo hili linaeleza ni kwa nini njia hizo huangusha hata waendeshaji wenye uzoefu, na hatua za kuchukua ili mwendeshaji na mzigo wake wafike salama.

Msitu hubadilisha barabara

Msitu wa Kakamega uko katika nyanda za juu, takriban mita 1,500 hadi 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua kubwa zaidi hunyesha Aprili na Mei, na miezi mikavu zaidi ni Desemba hadi Februari. Siku nyingi mvua huanza mchana au jioni, baada ya jua kupasha ardhi joto.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kivuli. Barabara iliyo wazi, yenye mashamba pande zote mbili, hukauka haraka jua likiwaka. Ile iliyofunikwa na miti haipati jua wala upepo wa kutosha, na matone huendelea kudondoka kutoka kwenye matawi mvua ikiwa imekwisha zamani. Kwa hiyo unaweza kutoka nyumbani juu ya vumbi, kisha baada ya kona moja ukajikuta juu ya utelezi. Macho nayo, yakitoka kwenye mwanga mkali na kuingia kivulini, huchukua muda kuona vizuri. Mwendeshaji huingia utelezini wakati uleule ambao haoni sawasawa.

Kanuni ya kwanza ni hii: punguza mwendo kabla ya kuingia kivulini. Usingoje hadi uwe ndani.

Hatari kubwa iko chini ya mteremko

Barabara za eneo hili hupanda na kushuka, kwa sababu hukata mabonde ya vijito vinavyoingia katika mito kama Yala na Isiukhu. Kila mteremko huishia bondeni, na hapo ndipo maji, tope na majani hukusanyika. Mara nyingi hapo ndipo penye kalvati au daraja jembamba. Mwendeshaji anayeachilia baiskeli ili apate nguvu ya kupanda upande wa pili hufika mahali pabaya zaidi akiwa na mwendo mkali zaidi.

Tuone hesabu yake. Mwendo wa kilomita 20 kwa saa ni sawa na karibu mita 6 kwa sekunde moja. Ukichukua sekunde moja kuona hatari na kushika breki, umeshapita mita hizo 6. Kwenye udongo wenye maji kiasi, mahali tambarare, baiskeli yenye breki nzuri itahitaji mita 5 hivi zaidi ili isimame. Jumla ni mita 11.

Sasa ongeza mwendo hadi kilomita 40 kwa saa. Sekunde hiyo moja itakula mita 11, na kusimama kutahitaji mita 20 hivi. Jumla ni mita 31. Mwendo umeongezeka mara mbili, lakini umbali wa kusimama tangu breki ishike umeongezeka mara nne. Mteremko, mzigo mzito na breki dhaifu huurefusha zaidi.

Kabla ya kutoka nyumbani

1. Kagua breki zote mbili. Baiskeli nyingi za mizigo, zile ziitwazo Black Mamba, hutumia breki za vyuma zinazobana raba kwenye rimu. Rimu ya chuma ikilowa, raba huteleza na breki hupoteza nguvu nyingi. Raba ikiisha, badilisha. Hiyo ni gharama ndogo kuliko matibabu ya mfupa uliovunjika.

2. Kagua tairi. Tairi lililolika hadi kuwa laini halishiki udongo. Upepo ukizidi sana, baiskeli hurukaruka juu ya mawe, na ukipungua sana chini ya mzigo, tyubu hubanwa kwenye rimu na kutoboka. Beba pampu, viraka na gundi yake.

3. Panga mzigo. Uweke chini kadiri iwezekanavyo, uzito ulingane kulia na kushoto, na ufunge kwa mipira isiyolegea. Mzigo ulio juu huyumba, nao huivuta baiskeli upande kila unapokata kona.

4. Chagua saa. Katika miezi ya mvua, ondoka asubuhi na upange kuvuka msitu kabla ya saa nane mchana. Mweleze mtu wa nyumbani njia utakayopita na saa unayotarajia kufika.

Ukiwa njiani

Kabla ya kuanza kushuka, jaribu breki ukiwa bado juu. Rimu zikiwa zimelowa, bana breki kidogo mara kadhaa ili raba zifute maji, kisha ndipo ushuke. Tumia breki zote mbili, lakini kwenye utelezi tegemea zaidi ile ya nyuma. Gurudumu la mbele likikwama ghafla, utaanguka kabla hujajua kilichotokea. Bana na kuachilia kidogo kidogo, na usikate kona huku umebana breki kwa nguvu.

Wakati wa kiangazi hatari huwa tofauti. Kokoto za murramu hulegea na kuviringika chini ya tairi, hasa kwenye kona na kandokando ya barabara. Pita pale ambapo magurudumu ya magari yameshindilia udongo, ukikumbuka kurudi kushoto usikiapo gari au pikipiki. Piga kengele kabla ya kila kona iliyozibwa na miti, kwa kuwa barabara hiyo ni ya watembea kwa miguu, watoto na mifugo pia.

Mteremko ukikutia shaka, shuka uisukume baiskeli. Mwenda pole hajikwai. Mwendeshaji aliyebeba kilo 50 za mahindi akitembea dakika tano hajapoteza chochote.

Ukikuta dimbwi

Wengi wetu tukikuta dimbwi hulizunguka kwa kupitia kwenye nyasi na miche iliyo kando. Anayefuata hufanya vivyo hivyo, na baada ya msimu mmoja njia mpya imefunguka na dimbwi limekuwa pana zaidi. Kwa namna hiyo barabara hula msitu polepole. Miche iliyokanyagwa haikui, na udongo usio na mizizi husombwa na mvua hadi mitoni.

Usilizunguke dimbwi. Shuka, pima kina kwa fimbo, kisha uisukume baiskeli katikati ya barabara. Ikiwa maji yanapita kwa kasi juu ya kalvati au daraja, usivuke. Ngoja yapungue au urudi.

Wajibu wetu sote

Barabara ya udongo huharibika kwa maji yasiyo na pa kupita. Mtaro ulioziba leo ndio shimo la mwezi ujao. Wakazi wanaombwa wasitupe takataka wala mabua kwenye mitaro, na watoe taarifa za kalvati zilizoziba kwa msimamizi wa wadi. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, barabara za kaunti ni jukumu la serikali ya kaunti, na mkazi ana haki ya kutaja barabara yake katika vikao vya ushiriki wa umma.

Ajali ikitokea, piga 999 au 112. Usimvute wala kumkalisha aliyeumia shingo au mgongo, isipokuwa kama yuko hatarini kugongwa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini barabara iliyo chini ya miti huwa na utelezi hata jua linapowaka?
2. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya breki kushika huongezeka mara ngapi?
3. Raba za breki za baiskeli yako zilibadilishwa lini mara ya mwisho?

Swali la tatu halina jibu katika somo hili. Jibu lake liko kwenye baiskeli yako. Itazame leo, kabla ya safari ya kesho.