Muhuri wa Kweli, Chombo Kisichopimwa

Maandiko: Malaki 3:1-4, Mithali 20:23

Jumapili Pasta mkuu alitufundisha juu ya moto wa msafishaji wa fedha. Ile hadithi ya fundi anayengoja mpaka aone uso wake ndani ya fedha tumeisikia sana, kwa hivyo mimi naenda upande mwingine kidogo: upande wa kupima. Nina zoea moja ambalo wengi wenu hamlijui. Nakusanya vijiko vya zamani vya fedha kutoka Uingereza. Mke wangu husema heri ningekusanya kuku.

Ukigeuza kijiko cha aina hiyo, nyuma ya mpini utaona alama ndogo ndogo zilizogongwa kwa chuma. Jambo hili ni la zamani. Mwaka wa 1300 Mfalme Edward wa Kwanza aliamuru kwamba chombo cha fedha kisiuzwe kabla hakijapimwa na kugongwa kichwa cha chui. Kipimo ni sehemu 925 za fedha katika kila 1000. Zinazobaki kwa kawaida ni shaba, maana fedha tupu ni laini mno kwa kijiko. Mwaka wa 1478 ikaongezwa herufi inayobadilika kila mwaka, na 1544 akaja simba anayetembea. Kwa hizo alama, leo naweza kukuambia kijiko kilipimwa mji gani na mwaka gani.

Vijiko ninavyovitamani zaidi sitawahi kuvinunua. Vinaitwa vijiko vya mitume. Seti kamili ni 13, Bwana Yesu na wale kumi na wawili, kila mmoja amesimama juu ya mpini wake. Watoto walizawadiwa siku ya ubatizo. (Najua, sisi hatubatizi watoto wachanga, lakini zawadi ni zawadi.)

Sasa sikia vile walivyopima. Hawakuangalia kung'aa. Walikwangua chombo chenyewe, wakachukua vipande vidogo, wakavifunga kwa risasi na kuvitia motoni ndani ya kikombe cha majivu ya mifupa. Risasi na shaba zilinyonywa na kikombe, ikabaki tone la fedha, nalo likapimwa uzito. Chombo kikikosa kipimo, kilivunjwa na kurudishiwa fundi vipande vyake.

Halafu mwaka wa 1720 serikali ikaweka kodi, peni 6 kwa kila aunsi. Kama mtu wa biashara naweza kuwaambia kilichofuata! Fundi alipeleka kitu kidogo, tuseme kisahani, kikapimwa vizuri, kikagongwa muhuri, akalipa kodi kidogo. Akirudi nyumbani anakata ile sehemu yenye muhuri na kuiunganisha chini ya birika kubwa. Birika halikuwahi kufika kwa wapimaji. Muhuri ni wa kweli kabisa. Chombo ndicho hakikupimwa.

Wapendwa, someni tena Malaki 3:3 muone ni nani anayewekwa motoni kwanza. Si walevi wa mtaa. Ni wana wa Lawi, watu wa madhabahuni. Yaani mimi.

Miaka miwili iliyopita nilimuuzia ndugu mmoja wa kanisa hili vijiko sita vya chai kwa shilingi 18,000. Nilimwambia ni fedha. Nilikuwa nimeona vialama ndani ya viboksi nikaamini. Baadaye nikapata lenzi nzuri, nikaangalia kijiko cha saba cha seti ile ile kilichobaki kwangu. Herufi zilikuwa EPNS. Hiyo ni nikeli na shaba iliyopakwa fedha juu kwa umeme, kazi iliyoenea baada ya kampuni ya Elkington ya Birmingham kupata hataza yake mwaka wa 1840. Viwanda vilipenda kupanga herufi hizo kama mihuri ya fedha, na macho yenye tamaa yanadanganyika haraka.

Kukosea si dhambi. Dhambi ni miezi minane niliyonyamaza. Nilihubiri, nikaombea wagonjwa, nikafundisha hata juu ya zaka. Wito wangu ni wa kweli, niliwekewa mikono mbele yenu. Lakini upande wa biashara zangu sikuwa nimeupeleka kukwanguliwa. Nilijiambia huyo ndugu hatajua, na bei hata hakuilalamikia.

Nilikuwa naandaa somo hili la Malaki nilipofunga kitabu na kumpigia simu. Nilifika kwake jioni, nikaeleza yote. Alinyamaza, kisha akasema, "Pasta, mama watoto aliona rangi ya manjano chini ya kijiko kitambo sana, pale kinaposugua meza. Tulikuwa tunakungoja."

Miezi hiyo yote walikuwa wanakaa mstari wa tatu, wakisema amina.

Namrudishia kwa M-Pesa, 3,000 kila mwezi. Zimebaki awamu mbili. Vijiko amekataa kuvirudisha, na ameniruhusu niandike haya bila jina lake. Nilipoondoka, mkewe alileta chai. Tulikoroga na vile vile.

Vikundi vya nyumbani, Alhamisi tunaendelea na Malaki 3:5. Someni mapema, hasa pale panapotaja mshahara wa mfanyakazi.