Uhalisia Pepe na Ufundishaji wa Methali za Bahari: Darasa la Kangema kama Kielelezo

Makala haya yanajadili nafasi ya uhalisia pepe katika somo la Kiswahili, hasa pale mwanafunzi anapofundishwa lugha ya mazingira asiyoyajua. Istilahi yenyewe imefuata njia ile ile iliyotupa barua pepe. Inarejelea picha inayomzunguka mtazamaji pande zote kupitia miwani maalumu, hivi kwamba akigeuza kichwa huona upande mwingine wa mahali hapo. Ivan Sutherland alionyesha kifaa cha aina hii nchini Marekani mwaka 1968, nacho kilikuwa kizito hata kikaning'inizwa darini. Mwaka 2014 kampuni ya Google ilitoa miwani ya karatasi ngumu inayotiwa simu ndani, na hapo gharama ikaanza kukaribia uwezo wa shule za kawaida.

Kangema imo katika Kaunti ya Murang'a, kwenye miteremko ya mashariki ya Nyandarua, penye mashamba ya chai na vilima vilivyokatwa na mito. Kutoka hapo hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 500 kwa barabara. Hata hivyo, mwanafunzi wa huko hutakiwa kueleza methali zilizozaliwa pwani.

Tuchukue "Maji yakijaa hupwa". Mwanafunzi huyu anayajua maji ya Mathioya: hujaa wakati wa mvua za masika, hupungua mvua zikikatika. Ataifafanua methali kwa mto wake na huenda akapata alama zote, kwa kuwa maana ya jumla haibadiliki. Lakini bahari hujaa na kupwa takriban mara mbili kila siku, hasa kwa mvuto wa mwezi, na mvuvi hupanga kazi yake kwa saa hizo. Methali basi haisemi tu kwamba neema huenda ikaisha. Yasema kuisha kwake kuna majira yanayojulikana. Picha mbili za ufuo mmoja wa Lamu, moja maji yakiwa yamejaa na nyingine yakiwa yamekupwa, zingemwonyesha vyombo vikielea, kisha vikilalia tope.

"Dau la mnyonge haliendi joshi" ni ngumu zaidi. Kwenda joshi ni kusafiri kwa kuukaribia upepo, kazi inayotaka tanga zima na mikono iliyozoea kamba. Aghalabu darasani hutosheka na jibu kwamba mnyonge hafanikiwi, na kwa kweli kamusi haimsaidii sana mtu asiyewahi kuona tanga likigeuzwa.

Tatizo kubwa, kwa maoni yetu, si miwani bali sauti. Maelezo ya ziara nyingi za namna hii hutolewa kwa Kiingereza. Mwanafunzi akiona jahazi huku akisikia jina lake la kigeni, tutakuwa tumefundisha jiografia. Isitoshe, programu ya Expeditions ambayo Google iliianzisha mwaka 2015 kwa ajili ya shule ilifungwa mwaka 2021. Mwalimu aliyeitegemea alibaki na miwani tupu.

Kangema yenyewe ina mfano wa kuigwa. Mwaka 2008 Idara ya Hali ya Hewa ilianzisha huko redio ya jamii iliyowapa wakulima utabiri kwa Kikuyu. Teknolojia ilikuwa ya kisasa, sauti ikawa ya wenyeji. Twapendekeza wanachama wetu wa pwani wapige picha za nyuzi 360 na kurekodi maelezo kwa maneno ya mabaharia wenyewe: foromali, demani, ngama, usukani. Picha zihifadhiwe ndani ya simu ili intaneti isihitajike.

Kwa kuwa shule nyingi za sekondari nchini Kenya haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, itatumika ya mwalimu. Uchache huo unaweza kugeuzwa zoezi: mmoja avae miwani na kuwasimulia wenzake anachokiona, nao waandike, kisha wabadilishane zamu. Dakika tatu kwa kila mmoja zinatosha, maana wengine hushikwa na kizunguzungu.