SOMO LA ROBO HII: CHAJA YA GARI LA UMEME NA USALAMA WA WATU WETU



Nairobi na Arusha zipo karakana ambazo zimekwisha kubadili magari ya dizeli, hasa ya utalii, kuwa magari ya umeme. Injini hutolewa, na mahali pake huwekwa mota na betri. Kamati yenye gari kuukuu na gharama kubwa ya mafuta itavutiwa na jambo hili, nasi hatulipingi. Tunaomba tu somo hili lisomwe kabla ya kupitisha bajeti. Hatari tunayoizungumzia hutokea gari likiwa limesimama uani, limechomekwa kwenye umeme, na watoto wanacheza karibu.

Hatari inatoka wapi?

Betri 12 za volti 12 zikiunganishwa mfululizo hutoa volti 144, umeme unaotosha kuua. Ndiyo maana fundi mwangalifu huhakikisha kwamba nyaya za betri hizo hazigusani kabisa na bodi ya gari.

Chaja nzuri hulinda utengano huo. Ndani yake mna transfoma: umeme wa ukutani huingia upande mmoja na umeme wa betri hutoka upande wa pili, bila waya kuunganisha pande hizo. Chaja rahisi ya kujiundia haina transfoma. Huchukua umeme wa nyumbani, huugeuza uwe wa mwelekeo mmoja, na kuupeleka moja kwa moja kwenye betri. Inachaji, tena ni nyepesi na ya bei nafuu. Lakini tangu inapochomekwa, betri zinakuwa sehemu ya umeme wa ukutani.

Juu ya betri za asidi hujikusanya vumbi na unyevu wa asidi, na uchafu huo hupitisha umeme hadi kwenye bodi. Ikiwa waya wa ethi, yaani ule unaoshuka ardhini, umekatika, gari zima hubeba umeme. Mama anayepita peku kwenye udongo wenye maji akashika mlango, yeye ndiye anakuwa njia ya umeme kwenda ardhini.

Swichi "inayosumbua"

Kinga ya mwisho ni swichi ya kukata umeme unaovuja. Ile ya kulinda watu hujikata uvujaji unapofika miliampea 30. Fyuzi ya ampea 13 haiwezi kazi hiyo, kwa kuwa kiwango chake ni zaidi ya mara 400 ya hicho.

Chaja mbaya huifanya swichi hiyo ijikate mara kwa mara, na kishawishi ni kuiondoa ili kazi iendelee. Ndugu zetu, msiiondoe. Inawaambia kwamba umeme unavuja. Aidha, chaja isiyo na transfoma inaweza kuvujisha umeme wa mwelekeo mmoja, ambao huipofusha swichi ya kawaida isijikate hata pale inapotakiwa. Hivyo swichi haiwezi kuchukua nafasi ya chaja bora. Vyote viwili vinahitajika.

Mambo ya kuhakikisha

1. Fundi athibitishe kwa maandishi kwamba chaja ina transfoma inayotenganisha betri na umeme wa ukutani.
2. Waya wa ethi ufike kutoka kwenye soketi hadi kwenye bodi ya gari, na upimwe. Ekstensheni yenye nyaya mbili tu isitumike.
3. Swichi ya miliampea 30 iwepo, na kitufe chake cha majaribio kibonyezwe kila mwezi.
4. Chaja ya kilowati 3 huvuta ampea 13 hivi kwa saa nyingi. Ipewe soketi yake na waya mnene. Waya uliobaki umeviringishwa hupata moto.
5. Betri za asidi zikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo huweza kulipuka ikifika asilimia 4 ya hewa. Zichajiwe mahali penye hewa, mbali na moto na sigara.
6. Umeme wa jengo ukaguliwe na fundi mwenye leseni. Kwa Tanzania leseni hutolewa na EWURA, na kwa Kenya ni EPRA.

Neno kwa wafadhili

Chaja bora, ethi na swichi havionekani kwenye picha za uzinduzi, kwa hiyo ni rahisi kuvifuta bajeti inapobana. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, anayejenga nyumba mpya anaagizwa aweke ukuta mdogo pembezoni mwa paa ili mtu asianguke. Gharama ya ukuta ule ilikuwa juu ya mwenye nyumba, wala mpita njia hakuambiwa ajihadhari mwenyewe. Tunawaomba msipokee andiko la mradi wa gari la umeme lisilo na vifaa hivi, na likiwa navyo, msivipunguze.

Maswali ya kujadili

1. Je, soketi za parokia yetu zina ethi inayofanya kazi? Ilipimwa lini?
2. Swichi ikijikata usiku na gari linahitajika alfajiri kupeleka mgonjwa, nani ana mamlaka ya kusema "lisichajiwe mpaka fundi afike"?