Mwendo Unaoruka Kwenye Katuni: Somo la Trekta la Ngombezi

Katuni ya kompyuta inaweza kuwa na rangi safi na sauti iliyonyooka, bado mtazamaji akahisi kuna kitu hakiko sawa. Mara nyingi ugonjwa uko kwenye mwendo: kitu kinakimbia, kinazubaa, kinakimbia tena bila sababu. Kwenye kichekesho utasamehewa. Kwenye kazi ya kufundisha, mwendo mbovu unafundisha uongo.

Chukua mfano wa Ngombezi, kwetu Korogwe. Ni eneo la mkonge, na matrekta yanayovuta matrela ya majani hupita kwenye njia zilezile za watoto wa shule. Likizo iliyopita wenzangu wawili walitengeneza kipande kifupi cha kuwafundisha wanafunzi wa msingi kuvuka njia, wakaniomba nikitazame. Trekta lilianza polepole, likachanganya katikati, kisha likapunguza mwendo lenyewe lilipomkaribia mtoto. Hakuna aliyelipangia hivyo. Ila mtoto wa darasa la pili hajui habari za programu; anachojifunza ni kwamba trekta likikuona litapunguza. Hapo mzaha umekwisha.

Tulirekebisha hivi.

1. Hakikisha kosa si la kompyuta. Laptopu dhaifu hukwama inapochezesha tukio zito. Toa video ya sekunde chache kwa ukubwa mdogo, ndipo uitazame. Ikiwa bado inaruka, kosa liko kwenye kazi yenyewe.

2. Piga hesabu kabla ya kuburuta kitu. Trekta la mwendo wa kilomita 18 kwa saa linakwenda mita 5 kwa sekunde. Ukitumia fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ni sentimita 20. Kwa hiyo mita 20 zinahitaji fremu 100. Ukianzia fremu ya 1, mita ya 5 inaangukia fremu ya 26, na mita ya 20 fremu ya 101. Wenzangu walikuwa wameiweka mita ya 5 kwenye fremu ya 51. Maana yake nusu ya kwanza ilikwenda kwa wastani wa mita 2.5 kwa sekunde, na nusu ya pili mita 7.5. Mara tatu zaidi, dereva yuleyule!

3. Fungua dirisha la grafu. Fremu kuu ni zile unazoziweka wewe. Zilizo katikati hujazwa na programu. Kwa kawaida Blender huzijaza kwa mkunjo: kitu kinaanza taratibu na kumalizia taratibu. Fremu kuu ya mwisho ilikuwa pale pale alipo mtoto, ndiyo maana trekta "likamhurumia". Chagua fremu kuu zote za mwendo huo, bonyeza T, kisha chagua Linear, yaani mstari mnyoofu. Halafu sogeza mwanzo na mwisho wa safari nje ya picha, ili trekta liingie na kutoka likiwa mwendoni.

4. Oanisha matairi. Tairi lenye kipenyo cha mita 1.4 lina mzingo wa karibu mita 4.4. Kwa mita 20 linazunguka kama mara nne na nusu. Likizunguka zaidi au pungufu, litaonekana linateleza.

5. Usichanganye idadi ya fremu. Blender huanza na fremu 24 kwa sekunde, simu nyingi hurekodi 30. Ukiingiza video ya fremu 30 kwenye kazi ya fremu 25, katika kila fremu sita moja inatupwa, na jicho linaona mruko. Chagua namba moja siku ya kwanza, kamera ya simu nayo iwekwe hivyo hivyo kama inakubali.

Kupima ni rahisi. Weka kamera ubavuni, imetulia. Bandika nailoni angavu kwenye skrini, na kila baada ya fremu tano weka nukta kwenye pua ya trekta. Nukta zikiachana sawasawa, mwendo ni sawa. Zikibanana, hapo ndipo linapozubaa.

Msinielewe vibaya: mkunjo si adui. Frank Thomas na Ollie Johnston wa Disney, katika kitabu chao cha 1981, waliuweka miongoni mwa kanuni 12 za uhuishaji, kwa sababu vitu halisi havianzi wala kusimama ghafla. Mtoto anayeanza kutembea anauhitaji. Trekta linalopita tu haliuhitaji. Na kama dereva anafunga breki, basi iwe uamuzi wako, mtazamaji aone sababu, na trela lenye mzigo lichukue umbali kusimama.

Ukimaliza, zima sauti, mwoneshe mtu aliyewahi kuendesha trekta. Usimweleze kitu. Muulize swali moja tu: "Hapa dereva anafanya nini?" Akijibu ulichokusudia, peleka kazi shuleni.