Kudarizi kwa Mkono: Mishono ya Kuanzia

Anayejifunza kudarizi, akipewa sindano tu, hutaka ua. Asubiri kidogo. Achukue kipande cha marekani au bafta, akifue kwanza kwa sababu pamba mpya hunywea ikiingia maji, kisha achore mistari kwa penseli na kukikaza kwenye fremu ya duara. Uzi wa kudarizi wa kawaida una nyuzi sita nyembamba. Toa mbili au tatu tu. Kata urefu wa sentimita 45 hivi, maana mrefu zaidi hujisokota na kuchakaa kabla haujaisha.

Bandi na jamaa zake

Bandi kila fundi anaijua: sindano huzama na kuibuka, hatua na mapengo vikilingana. Ukirudi juu ya mstari uleule ukajaza mapengo, mbele na nyuma ya kitambaa hufanana. Ukipitisha uzi wa rangi nyingine chini ya kila hatua bila kuchoma kitambaa, unapata mstari uliosokotwa.

Katika mshono wa kurudi, sindano huibuka mbele, kisha huchoma nyuma pale hatua iliyotangulia ilipoishia. Huo ndio unaofaa kwa herufi za majina kwenye foronya. Mshono wa shina huenda kinyume chake: hatua husonga mbele, sindano ikarudi kuibukia pale hatua iliyotangulia ilipoishia, uzi ukikaa upande mmoja daima. Geuza kitambaa, nyuma utaona mshono wa kurudi.

Mnyororo

Hapa tumia muda wako mwingi. Ibua sindano mwanzoni mwa mstari, kunja uzi uwe kitanzi na ukishikilie kwa kidole gumba. Rudisha sindano kwenye tundu lilelile, iibukie milimita 4 mbele, ncha yake ikiwa ndani ya kitanzi. Vuta taratibu. Ukivuta kwa nguvu kitanzi hufumba, na badala ya mnyororo unabaki na kamba.

Kitanzi kimoja, kikifungwa kwa hatua fupi kwenye ncha yake, ni petali. Vitano kuzunguka kitovu, na lile ua la tangu mwanzo limepatikana.

Sasa badilisha jambo moja tu: sindano isirudi kwenye tundu ilikotoka, ichome pembeni kidogo. Kitanzi hubaki wazi, nao ni mshono wa blanketi, unaozuia pindo lisichanike. Banana hatua mpaka zigusane, utapata mshono wa tundu la kifungo. Ukiuzungusha kwenye tundu dogo lililotobolewa kitambaani umekaribia kazi ya kofia za viua za Lamu na Zanzibar, ambazo urembo wake ni matundu ya namna hiyo, moja baada ya jingine, kwa wiki nyingi. Mnunuzi anayeshangaa kwa nini kofia ya mkono ina bei kuliko ya mashine apewe sindano atoboe na kuzungushia matundu kumi.

Kujaza na mafundo

Kujaza jani, laza hatua sambamba zikibanana. Hatua isizidi sentimita 1. Ndefu hunasa kwenye vitu na kufumuka. Kwa mbegu za ua, zungushia uzi kwenye sindano mara mbili, kisha choma kando ya tundu ilipotokea. Ukirudi kwenye tundu lilelile, fundo litazama nyuma.

Kumalizia

Usifunge mafundo nyuma ya kazi. Acha mkia wa uzi na uupenyeze chini ya mishono iliyokwisha. Kabla ya kudarizi shuka jeupe kwa uzi mwekundu, lowesha uzi na uubane kwenye kitambaa cheupe. Ukiacha rangi, tafuta mwingine. Pasi ipite upande wa nyuma, ua likiwa limelalia taulo nene, la sivyo mafundo yote yatabapa.