Kabla ya Kutia Saini: Ushiriki katika Majaribio ya Dawa za Nguvu za Kiume

Ilula, mji mdogo wa wilaya ya Kilolo mkoani Iringa, uko kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kuelekea Mbeya na Zambia. Wasafiri huufahamu kwa nyanya na vitunguu vinavyouzwa barabarani. Katika mji kama huo, mwanamume aliyepungukiwa nguvu za kiume huona njia mbili zilizo karibu: kunyamaza, au kununua kwa siri unga na mizizi ya mitaani, kama mkuyati au kile kiitwacho vumbi la Kongo. Njia ya tatu, kumwona tabibu, hufikiriwa mwisho. Ya nne, kushiriki katika jaribio la kitabibu, haijulikani kwa wengi. Somo hili linaeleza njia hiyo ya nne kwa mwanamume anayeweza siku moja kualikwa, na kwa mhudumu wa afya atakayeombwa ushauri. Jambo lake kuu ni moja: jaribio humlinda mshiriki pale tu pande zote mbili zinaposema kweli.

Tatizo lenyewe

Kitabibu, upungufu wa nguvu za kiume ni hali ya uume kushindwa kusimama, au kushindwa kubaki umesimama, kwa kiwango kinachotosheleza tendo la ndoa, na hali hiyo ikaendelea kwa miezi kadhaa. Usiku mmoja wa uchovu si ugonjwa. Uume husimama pale mishipa yake inapolegea na kujaa damu. Hivyo chochote kinachoharibu mishipa ya damu au ya fahamu, kama kisukari, shinikizo la juu la damu na uvutaji wa sigara, huweza kuleta tatizo hili. Msongo wa mawazo na baadhi ya dawa pia huchangia. Utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili miongoni mwa wanaume wenye kisukari ulionyesha kuwa zaidi ya nusu yao walikuwa na tatizo hili kwa kiwango fulani.

Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ile ya moyo, hivyo athari za kuziba huonekana kwake mapema. Mwanamume anaweza kuona dalili chumbani miaka kadhaa kabla ya kuisikia kifuani. Kwa sababu hiyo, jaribio lolote makini huanza kwa kupima shinikizo la damu, sukari na hali ya moyo, na wapo watakaogundua hapo ugonjwa ambao hawakuujua.

Jaribio si tiba

Tiba hulenga kumsaidia mgonjwa aliyeko mbele ya daktari. Jaribio hulenga kujibu swali: je, dawa hii inafaa, na je, ni salama? Mshiriki anaweza kunufaika, lakini haahidiwi. Washiriki hugawanywa kwa bahati nasibu, mfano wa kura. Baadhi hupewa dawa inayochunguzwa, wengine hupewa plasebo, yaani kidonge kinachofanana nayo lakini kisicho na dawa ndani. Kisichanganywe na dawa bandia ya mitaani, kwa kuwa muuzaji wa dawa bandia hudanganya, ilhali mshiriki huelezwa tangu mwanzo kuwa plasebo ipo. Mara nyingi mshiriki wala daktari wake hajui nani amepewa nini hadi jaribio liishe.

Historia ya sildenafili inaonyesha faida ya utaratibu huo. Watafiti wa kampuni ya Pfizer huko Sandwich, Uingereza, waliichunguza kwanza kama dawa ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo. Kwa kazi hiyo haikuonyesha matumaini makubwa. Lakini wanaume waliojitolea katika majaribio ya mwanzo walieleza kwamba uume wao ulisimama. Lau wangeona haya na kunyamaza, huenda dawa hiyo ingeachwa. Baadaye majaribio yalifanywa kwa wanaume wenye upungufu wa nguvu za kiume, na Machi 1998 Marekani ikaidhinisha matumizi yake. Katika mojawapo ya majaribio hayo, lililohusisha wanaume 329 kwa majuma 12, asilimia 69 ya majaribio ya tendo la ndoa katika majuma manne ya mwisho yalifanikiwa kwa waliopewa dawa, na asilimia 22 kwa waliopewa plasebo.

Asilimia hiyo 22 inastahili kutazamwa kwa makini. Ni mafanikio yaliyopatikana bila dawa yoyote, kwa matumaini, kwa kutulia moyo, au kwa sababu hali ya mtu hupanda na kushuka. Ushuhuda wa jirani kwamba mzizi fulani “umemfaa” unaweza kuwa umetoka humo. Bila kundi la kulinganisha, hakuna awezaye kujua.

Ukweli anaodaiwa mtafiti

Mwaka 1932, huko Tuskegee, Marekani, idara ya afya ya serikali ilianza kuwafuatilia wanaume weusi wapatao 400 wenye kaswende bila kuwaambia ukweli wa ugonjwa wao. Penisilini ilipothibitika kuwa tiba, hawakupewa. Utafiti huo ulikomeshwa mwaka 1972. Taratibu za leo zimejengwa ili uovu wa namna hiyo usirudiwe. Azimio la Helsinki la mwaka 1964 liliweka maslahi ya mshiriki mbele ya maslahi ya sayansi. Nchini Tanzania, jaribio la dawa huhitaji kibali cha maadili kinachosimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), pamoja na idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Mwalikwa hana budi kuelezwa yote kwa Kiswahili anachokielewa: lengo, muda, madhara yanayotarajiwa, uwezekano wa kupata plasebo, na tiba nyingine zilizopo. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi asiye mtumishi wa utafiti. Anaweza kuondoka siku yoyote bila kutoa sababu na bila kunyimwa huduma za kawaida za hospitali. Kurudishiwa nauli ni haki, lakini malipo makubwa kiasi cha kumfanya mtu afumbie macho hatari ni kosa.

Ukweli anaodaiwa mshiriki

Chukulia mkulima wa nyanya wa Ilula mwenye umri wa miaka 58. Anatumia kidonge cha kuweka chini ya ulimi kila kifua kinapombana. Anajua akikitaja huenda akakataliwa kuingia jaribioni, naye amengoja miaka miwili kupata msaada. Anakificha. Kidonge hicho ni cha jamii ya naitreti. Kikikutana na sildenafili mwilini, shinikizo la damu huweza kushuka ghafla hadi kuua. Kukataliwa kungemwokoa.

Mkoa wa Iringa ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi mengi ya VVU nchini, na mwingine anaweza kuficha kwamba anatumia dawa za kufubaza virusi. Baadhi ya mchanganyiko wa dawa hizo una ritonaviri, ambayo huzuia ini kuivunja sildenafili, nayo hujikusanya katika damu kupita kiasi. Unga wa mitaani nao haufai kufichwa. Mamlaka za dawa za Marekani zimekuta mara nyingi sildenafili ndani ya bidhaa zilizouzwa kama “za asili”. Anayekunywa unga huo pamoja na dawa ya jaribio huenda anakunywa dozi mbili.

Upo pia uongo wa adabu. Kipimo kitumikacho katika majaribio mengi ni dodoso la maswali 15 kuhusu majuma manne yaliyopita. Mshiriki anayemheshimu daktari huweza kujibu “nimepata nafuu” ili kumridhisha. Majibu ya namna hiyo yakiwa mengi, dawa isiyofaa itaonekana kufaa, na watakaoinunua kesho ni nduguze.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Mhudumu aulize habari za dawa faraghani, kwa sauti ya kawaida, bila kucheka wala kulaumu. Swali “Unatumia nini kingine, cha hospitali au cha mtaani?” huzaa jibu kuliko “Hutumii dawa nyingine, sivyo?” Mwenza ashirikishwe kwa ridhaa ya mume, kwa kuwa matokeo yanamhusu. Mshiriki aelezwe pia kwamba uume ukibaki umesimama zaidi ya saa nne, au kifua kikiuma, aende hospitali mara moja na aseme ametumia dawa gani.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia saini

1. Jaribio hili lina kibali cha nani, na naweza kukiona?
2. Je, naweza kupewa plasebo, na kwa muda gani?
3. Ni madhara gani yanayojulikana, na yapi bado yanachunguzwa?
4. Nikidhurika, nani atanitibu na kwa gharama ya nani?
5. Nitahudhuria mara ngapi, na itakuwaje zikiangukia msimu wa mavuno?
6. Nani ataziona taarifa zangu, na zitahifadhiwaje?
7. Jaribio likiisha na dawa ikionekana kufaa, nitaipata?

Anayejibiwa vizuri maswali haya aichukue fomu nyumbani, aitafakari, kisha aamue. Akikataa, hajamkosea mtu, na tiba zilizokwisha thibitishwa zinaendelea kumhusu. Akikubali, naye aseme kila anachokitumia, hata kile alichokinunua usiku kwa aibu.